Kima punju analishwa na nani?

Mgeni anayefika msitu wa Jozani, hapa Unguja, hulipa kiingilio getini, hupewa mtembeza wageni, huzungushwa kidogo chini ya mitondoo na michikichi, kisha huuliza swali ambalo kila mgeni huliuliza: kima wako wapi? Mara nyingi jibu liko ng'ambo ya barabara. Huvushwa lami, akaingizwa kwenye vichaka na mashamba ya upande wa kusini, na huko ndiko anakowakuta kima punju wamekaa juu ya mikungu na miembe: mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimesimama kichwani, wanatafuna majani na wala hawamjali mtu. Picha anayoituma kwao na kuiandika "msitu wa Jozani" aghalabu imepigwa shambani mwa mtu.

Naanza na hili la kuvuka barabara kwa sababu linabeba hoja yangu. Tumezoea kuipima hifadhi kwa ukubwa wa eneo, mwaka iliotangazwa na idadi ya wageni. Kwa vipimo hivyo Jozani ina sifa zake. Msitu uliokuwa ukipasuliwa mbao ukawekwa akiba, mwaka 2004 ukawa kitovu cha Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka yenye kilomita za mraba kama 50, na mwaka 2016 UNESCO ikaupa hadhi ya hifadhi hai. Sipunguzi heshima ya walioifanya kazi hiyo. Bila wao huenda leo kima punju tungekuwa tunamsimulia kama tunavyomsimulia chui wa Unguja. Lakini mnyama huyu hajawahi kuishi kwa hifadhi peke yake, na mtu anayembeba siku hadi siku, yaani mwenye shamba la jirani, bado hajapewa nafasi yake katika hesabu zetu.

Kima punju ni wa Zanzibar tu, hapatikani kwengine duniani. Wazungu walimwandika kitaalamu mwaka 1868 na kumpa jina la John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza hapa Unguja, lakini watu wa vijiji vya Pete, Muungoni na Kitogani walikuwa wakiishi naye karne nyingi kabla ya hapo. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiambiwa wamebaki elfu mbili au chini ya hapo. Hesabu kamili ya kwanza, iliyofanywa na mtafiti Tim Davenport na wenzake na kuchapishwa mwaka 2019, ilikuta wapo kama 5,800, karibu mara tatu ya makadirio ya zamani. Ilikuwa habari ya kufurahisha kweli, na nakumbuka namna ilivyopokewa. Iliyosomwa kwa haraka ni sehemu ya pili ya habari hiyo: iko misitu midogo walikokuwa wakijulikana zamani, na safari hii hawakuonekana kabisa. Aidha, zaidi ya elfu moja wanaishi nje ya mipaka ya hifadhi, kwenye mashamba, maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe) na mikoko. Kwa mnyama aliyebaki kwa maelfu machache duniani kote, hao wa nje ni wengi mno kuachwa wajitafutie.

Kwa nini wanatoka? Tumbo la kima punju limeumbwa kwa majani. Lina vyumba vya kuchachusha chakula, na ndiyo maana matunda mabivu yenye sukari nyingi hayamfai. Hutaka majani machanga, maua, vikonyo na matunda mabichi. Shamba la kienyeji la Unguja, lenye mwembe, mkungu, mzambarau na mnazi vikichanganyika, huchipua majani machanga karibu mwaka mzima. Kwake shamba ni jiko lililo wazi. Tatizo ni kwamba majani ya mwembe na mkungu yana kemikali zinazosumbua tumbo, na hapa ndipo kima wa Jozani walipojifunza jambo ambalo limewashangaza wataalamu: wanakula makaa. Huyachukua kwenye visiki vilivyoungua na penye matanuri ya mkaa, wakaketi na kipande mkononi na kukitafuna. Makaa hayo hunasa zile kemikali tumboni, kazi ileile ambayo makaa ya dawa hufanya kwa mtu aliyekula sumu. Watoto huonekana wakiwaangalia mama zao, nao baadaye wakafanya vivyo hivyo. Huyu ni mnyama aliyeubadilisha ulaji wake ili aweze kuishi kwetu.

Sasa tuje kwenye nazi, maana ugomvi wote huanzia hapo.

Upunga wa mnazi ukishafunguka, kole, yaani shada la nazi, hujaa vidaka, ndizo nazi changa kabisa, na kila mkwezi anajua kuwa vingi katika hivyo vitaanguka vyenyewe kabla havijawa vitale, kwani mnazi hauna nguvu ya kuvilea vyote. Kima punju hupenda vidaka. Huviguguna, akavitupa chini vikiwa na alama za meno, na mwenye shamba akipita asubuhi anaviona vimetapakaa. Anachokiona pale ni madafu yake na nazi zake za miezi ijayo. Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walilifuatilia jambo hili kwenye minazi iliyo jirani na Jozani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999. Walichokuta ni kinyume cha walichotarajia wengi: pale kima walipokula vidaka zaidi, mavuno ya nazi pevu hayakupungua, yalikuwa makubwa zaidi. Maelezo yao ni kwamba kima hupunguza vidaka ambavyo vingi vingeanguka tu, na vinavyobaki hupata chakula cha kutosha.

Utafiti huo nauamini. Lakini tangu hapo umegeuzwa kuwa jibu la kumnyamazishia mkulima, na hilo silikubali. Akilalamika huambiwa wataalamu wamekwisha thibitisha kuwa kima hana hasara. Kwanza, huyo mkulima hana minazi tu. Ana miembe inayoliwa maembe yakiwa bado machanga, ana kunde na mboga alizopanda kwa jasho lake, na analijua shamba lake kuliko mtu yeyote aliyepita na daftari. Pili, na hili ndilo zito zaidi, gharama kubwa ya kima si kile anachokula. Gharama kubwa ni kile ambacho mwenye shamba hakifanyi ili kima aendelee kuwepo.

Kila mkungu unaobaki umesimama ni kuni ambazo hazikukatwa. Kila kichaka kinachoachwa ni tanuri la mkaa ambalo halikuchomwa, au chokaa ambayo haikuuzwa. Wanaoijenga Unguja ya leo wanataka chokaa, na tanuri moja la chokaa hula magogo ya mti mbichi kwa wingi wa kutisha. Zaidi ya hayo yote kuna kiwanja. Barabara inayopita Jozani ndiyo inayokwenda Paje, Bwejuu, Jambiani na Makunduchi, na anayesafiri njia hiyo anaona mwenyewe jinsi nyumba za kukodisha na hoteli zinavyoota kutoka ufukweni kuja bara. Eneo la maweni ambalo wazee waliona halifai hata muhogo, leo lina mnunuzi anayesubiri simu. Mwenye shamba akikataa kuuza na kuiacha miti yake, amemlipia kima fedha nyingi kuliko kole lolote la nazi. Hakuna anayemwandikia risiti ya malipo hayo.

Ni haki kusema kwamba Jozani ilikuwa mbele ya hifadhi nyingi za Afrika Mashariki katika kugawana kipato. Tangu miaka ya 1990, wakati mradi wa shirika la CARE na serikali ulipoanza, sehemu ya fedha za getini imekuwa ikirudi kwa jamii za jirani, na wenye mashamba wanakopelekwa wageni walipata umoja wao na fungu lao. Fedha za vijiji zimejenga madarasa ya skuli, zimechimba visima, zimesaidia vituo vya afya. Haya yapo na yanaonekana. Nadhani ndiyo sababu kubwa ya watu wa upande ule kuacha kumrushia kima mawe.

Ila mpango huo ulishonwa kwa geti, na geti liko mahali pamoja. Wanaolipwa vizuri ni wale walio karibu na njia ya wageni. Kima wa upande wa Kiwengwa, wa maweni ya kusini, au wa kisiwa cha Uzi hawapigwi picha na makundi ya watalii, kwa hiyo mwenyeji wao hapati kitu, ingawa kima ni yuleyule na sheria inayomkataza kumdhuru ni ileile. Darasa la skuli nalo ni la kijiji kizima, wakati kima anakula kwa mtu mmoja. Mwanakijiji ambaye hana mti hata mmoja na jirani yake aliyeacha eka nzima ya miti isimame wanapata faida sawasawa. Sioni mpango wa namna hiyo ukidumu pindi bei ya kiwanja ikipanda mara mbili. Mwaka 2020, corona ilipofunga viwanja vya ndege na wageni wakakatika, tuliona pia ubovu wa kutegemea geti peke yake: kima waliendelea kula kama kawaida, aliyekosa ni mwenyeji wao.

Wapo watakaosema kwamba mapenzi ya watu kwa mnyama hayanunuliwi. Historia yetu wenyewe inatuonya tusidharau wanachokifikiri watu wa mashambani. Chui wa Unguja aliaminiwa kuwa wachawi humfuga na kumtuma kwa maadui zao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipita kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, na chui waliuawa kwa furaha za watu. Msitu wa Jozani ulikuwepo wakati huo. Haukumsaidia chui. Kima punju naye alibebeshwa tuhuma: jina lake lenyewe ni la sumu, na wazee walikuwa wakisema kwamba shamba aliloingia hukauka miti yake.

Pemba nao walipata somo kama hilo. Mwaka 1974 kima 14 walichukuliwa Unguja wakapelekwa msitu wa Ngezi, ili wakipatwa na janga huku wabaki wengine kule. Kwa mtu anayeangalia ramani, wazo lilikuwa zuri: msitu mnene wa akiba, mvua za kutosha, chakula tele. Miongo miwili mitatu baadaye walikuwa hawajazidi makumi machache. Wapemba wa jirani hawakuwahi kuulizwa kama wanamtaka mnyama yule mgeni, na wengi walimwona kuwa ni nuksi iliyoletwa. Nikilinganisha Ngezi na mashamba ya Pete, ninachokiona ni kwamba kima walistawi zaidi katika shamba lenye mwenyeji aliyeridhika kuliko katika msitu wa akiba uliozungukwa na watu wasiowataka.

Na paa nunga? Huyu ni swala mdogo wa misitu ya pwani, na Unguja ndiyo moja ya ngome zake za mwisho. Makadirio yalikuwa 5,000 mwaka 1983, yakashuka hadi 2,000 mwaka 1996, na 640 mwaka 1999. Wachache walihamishiwa kisiwa cha Chumbe ili wasitoweke kabisa. Jozani ilikuwa hapo miaka yote hiyo. Paa nunga wengi waliishi kwenye maweni nje ya mipaka, huko wasasi wa mbwa na nyavu wakawafuata, na hakukuwa na mpango wowote uliomfanya mwanakijiji aone faida ya kumwacha hai. Hana wageni wanaomlilia, maana ni mwoga na haonekani kwa urahisi. Kima ana bahati ya sura. Paa nunga ndiye anayetuonyesha yanayompata mnyama wa nje ya uzio akikosa bahati hiyo.

Barabara nayo nisiipite kimya. Kabla ya matuta kuwekwa pale Jozani, watafiti walikadiria kuwa kima mmoja alikuwa akigongwa kila wiki mbili au tatu. Baada ya matuta, ikawa kama kila wiki sita. Ni tofauti kubwa kwa gharama ya kifusi na lami tu. Lakini magari ya leo si ya wakati ule. Gari za watalii zinakimbilia ufukwe wa Paje, daladala zinagombea abiria, na bodaboda hupita pembeni ya tuta. Utafiti wa karibuni, uliochapishwa mwaka 2021, ulieleza jambo la kutafakari: mnyama mwindaji kwa kawaida huchukua mchanga, mzee au mgonjwa, ila gari halichagui. Linaua jike lenye nguvu na mimba sawasawa na kima aliyekongoroka. Matuta yaongezwe kila mahali kima wanapovuka, siyo mbele ya geti tu, na dereva anayebeba wageni kwa leseni ya utalii awe wa kwanza kuwajibishwa.

Narudi kwenye malipo, maana huko ndiko ninakotaka mabadiliko. Zanzibar tuna jambo ambalo nchi nyingi hazina. Tangu Mapinduzi ardhi ni ya serikali, lakini mti una mwenyewe. Barabara ikipanuliwa, afisa huja na daftari akahesabu minazi, miembe na mikarafuu ya mtu, kila mmoja na bei yake, na fidia hulipwa kwa mti. Kila mzee wa shamba anaijua hesabu hiyo na anaweza kuibishania. Basi kama tunajua kuulipia mti siku ya kuukata, tuna uwezo wa kuulipia kwa kuuacha. Mashamba yenye makundi ya kima yanajulikana, kwa kuwa hesabu ya kima imekwisha fanywa kisiwa kizima. Ihesabiwe mikungu, miembe, mizambarau na vichaka vya asili vilivyosimama humo, mwenye miti aandikwe kwa jina lake, na alipwe kila mwaka mradi miti ipo. Akikata, malipo yanasita. Hapo hatuhitaji kubishana tena nani kala vidaka vingapi.

Fedha zitoke wapi? Geti la Jozani halitoshi, na halikupaswa kutosha. Kima punju yuko kwenye mabango ya uwanja wa ndege, kwenye vipeperushi vya hoteli ambazo hazina hata mti mmoja wa asili, kwenye fulana zinazouzwa Forodhani. Anatumika kuuza kisiwa kizima. Hoteli ya Nungwi inanufaika na sura yake kama inavyonufaika ya Paje. Sehemu ndogo ya tozo anayolipa kila mtalii kwa kila usiku wa kulala ingeweza kutengwa kwa ajili ya miti iliyosimama, na isitegemee kama mtalii huyo alifika Jozani ama hakufika. Najua fedha za tozo zina wagombeaji wengi, na skuli na hospitali zina haki yake. Lakini wanaosema hakuna fedha ya kumlipa mwenye mkungu ndio haohao wanaomtumia kima kwenye matangazo bila kulipa hata senti.

Pa kuanzia napendekeza pawe Uzi. Watu wa vijiji vya kisiwa hicho, Uzi na Ng'ambwa, miaka yote wamekuwa wakivuka kwa kufuata maji kupwa, mgonjwa na mjamzito wakisubiri bahari irudi nyuma. Daraja la kuwatoa katika dhiki hiyo ni haki yao kamili na sitaki kusikia mtu akilipinga kwa jina la kima. Lakini kima wako huko pia, pamoja na kisiwa cha Vundwe cha jirani, na baadhi yao wanaishi na kulala kwenye mikoko. Mtafiti Katarzyna Nowak aliandika mwaka 2008 kuhusu namna kima wa mikokoni wanavyokunywa maji mara nyingi, wakiyatafuta kwenye mashimo ya miti na juu ya majani, tabia ambayo ni adimu kwa jamii ya kima wala majani. Wamekwenda mikokoni kwa sababu msitu wa nchi kavu umewaponyoka.

Kisiwa kikishafikika saa zote, viwanja vya Uzi vitapanda bei mwaka huohuo, na wanunuzi watafika kabla ya afisa yeyote wa misitu. Daftari la miti lifunguliwe sasa, na wenye miti walipwe mwaka wa kwanza kabla magari hayajaanza kuvuka.